Sayari kubwa zilizojibana na nyota zao: zilipatikanaje, na mbona zilichelewa kuonekana?

Msomaji ameandika hivi: "Shikamoo mtaalamu. Shuleni tulifundishwa sayari ndogo za mawe ndo zinakaa karibu na Jua na zile kubwa za gesi zinakaa mbali. Sasa nasikia sayari ya kwanza kupatikana kwenye nyota inayofanana na Jua letu ni kubwa karibu na Mshtarii, alafu mwaka wake ni siku nne tu. Waliionaje wakati kwenye darubini hakuna kitu kinachoonekana hapo? Kama ni rahisi kuiona, mbona haikuonekana zamani? Walijuaje sio nyota ndogo tu au madoa ya nyota? Na mtu wa kawaida kama mimi naweza kuishuhudia?"

Marahaba. Umeuliza manne kwa mkupuo na yote yana uzito, ila la pili ndo limenigusa zaidi, kwa sababu wengi wakisimulia stori hii wanarukia tuzo ya Nobel na kuiacha sehemu ambayo mimi naiona ndo tamu kuliko zote, kwamba sayari za aina hii zilikuwa zinaweza kuonekana kwa vifaa vilivyokuwepo tayari miaka kadhaa kabla, ila watu walikuwa wanasubiri kitu kingine. Hilo nitalijibu kwa kirefu, mengine tutayapitia njiani.

Tuanze na ilivyoonekana. Nyota yenyewe inaitwa 51 Pegasi, iko umbali wa kama miaka ya nuru 50, na ukiwa sehemu yenye giza la kweli unaweza kuiona kwa macho matupu ingawa kwa shida. Sayari yake hakuna aliyeipiga picha, mwanga wa nyota unaifunika kabisa. Kilichoonekana ni nyota kuyumba. Tumezoea kusema sayari inaizunguka nyota, lakini kiukweli zote mbili zinazunguka kitovu kimoja cha uzito wao, ni kama mtu mzima anayemshika mtoto mikono na kumzungusha, mtoto ndo anapaa kwenye duara kubwa lakini ukimwangalia vizuri yule mtu mzima utaona naye anajivuta nyuma na kuzunguka kiduara kidogo, na hata usipomuona mtoto utajua tu kuna kitu amekishika, tena utakadiria na uzito wake.

Sasa kuyumba kwenyewe wanakupimaje? Mwanga wa nyota ukiupitisha kwenye spektrografu unatawanyika na kuwa upinde wa rangi, na ndani ya ule upinde kuna mistari myeusi myembamba maelfu kwa maelfu, kila mmoja umesababishwa na elementi fulani iliyoko kwenye gesi ya juu ya nyota, chuma, kalsiamu, sodiamu na nyinginezo. Nyota ikija upande wetu mistari yote inasogea kidogo kuelekea bluu, ikienda mbali nasi inasogea kuelekea nyekundu, hiyo ndo athari ya Doppler. Angalia ukubwa wa kazi: 51 Pegasi inakuja na kuondoka kwa spidi ya kama mita 56 kwa sekunde, yaani kama kilomita 200 kwa saa, wakati mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigawanya unapata sehemu moja kati ya zaidi ya milioni tano. Mstari ulioko kwenye nanomita 500 unahama kwa nanomita 0.0001 tu, na kwenye kamera hiyo ni sehemu ndogo sana ya pikseli moja. Kwa mstari mmoja huwezi kupima kitu kama hicho, haiwezekani, ndo maana wanachukua maelfu ya mistari kwa pamoja na kuilinganisha yote na kiolezo kimoja, na pembeni ya mwanga wa nyota wanapitisha mwanga wa taa ya thori na arigoni ambayo mistari yake inajulikana iko wapi hasa, ili kifaa chenyewe kikisogea kwa sababu ya joto au shinikizo la hewa wajue kilichohama ni kifaa sio nyota.

Kazi hiyo ndo waliyokuwa wanaifanya Michel Mayor wa Chuo Kikuu cha Geneva na mwanafunzi wake wa udaktari Didier Queloz, kwenye kituo cha Haute-Provence kusini mwa Ufaransa, darubini yenye kioo cha mita 1.93, na spektrografu mpya iliyoitwa ELODIE ambayo ilikuwa inapima spidi ya nyota kwa kosa la kama mita 13 kwa sekunde. Walianza mwaka 1994 na orodha ya nyota 142 zinazofanana na Jua. Kufikia mwisho wa mwaka huo Queloz akaona moja haitulii, kila akiipima inampa namba tofauti, na kwa kifaa kipya wazo la kwanza la mtu yeyote makini ni kwamba kifaa kina hitilafu. Akaendelea kuipima mara kwa mara mpaka namba zikajipanga: zinapanda na kushuka kwa wimbi laini linalojirudia kila baada ya siku 4.23.

Kinachonivutia hapa ni walichofanya baada ya hapo. Hawakukimbilia kutangaza. Nyota ilikuwa inaingia upande wa Jua, haionekani usiku, kwa hiyo wakapiga hesabu ya wapi wimbi linatakiwa liwe itakapoonekana tena Julai 1995, wakasubiri miezi hiyo yote, na Julai walipoipima tena ikawa palepale hesabu ilipoiweka. Kwangu mimi huo ndo ugunduzi wenyewe, sio ile siku ya kwanza ya kuona namba zinacheza. Kwenye sayansi yetu wimbi unaweza kulipata kwenye data yoyote ukilitafuta kwa nguvu, lakini wimbi likikubali utabiri wako baada ya miezi kadhaa hapo unaanza kupumua. Walitangaza tarehe 6 Oktoba 1995 kwenye mkutano wa Florence, Italia, na mwaka 2019 wakapewa Nobel ya fizikia, nusu yao wawili na nusu nyingine James Peebles kwa kazi yake kuhusu ulimwengu kwa ujumla.

Ukishapata siku 4.23 umbali unautoa kwa sheria ya Kepler, ile inayounganisha muda wa mzunguko na umbali: sayari iko kama kilomita milioni 8 tu kutoka kwenye nyota yake. Utaridi, ambayo ndo ya karibu kuliko zote kwetu, iko kilomita milioni 58 kutoka kwenye Jua na mwaka wake ni siku 88. Na masi yake ikatoka angalau 0.47 ya Mshtarii, hilo neno angalau ulikumbuke maana nitalirudia.

Haya, twende kwenye swali lako la pili. Mwaka 1952 mwanaastronomia Otto Struve aliandika makala fupi akisema hakuna sababu ya msingi ya kuzuia sayari kubwa kukaa karibu kabisa na nyota yake, akatoa mfano wa sayari iliyo kwenye sehemu moja ya hamsini ya umbali wa Dunia na Jua, mzunguko wake ungekuwa kama siku moja, na ikiwa na masi mara kumi ya Mshtarii ingeiyumbisha nyota kwa kama kilomita 2 kwa sekunde, kitu ambacho spektrografu nzuri za wakati ule zingeweza kukigusa. Akaongeza kwamba baadhi zingepita mbele ya nyota na kuipunguzia mwanga. Yaani njia zote mbili zilizokuja kutumika aliziandika miaka 43 kabla! Na hamna aliyezifuata kwa bidii.

Sababu ni kwamba tulikuwa na mfumo mmoja tu wa sayari, wa kwetu, na mfumo huo ulikuwa umeshapatiwa maelezo mazuri mno. Sayari kubwa inatakiwa kwanza ijenge kiini cha mawe na barafu kinachofika kama masi kumi za Dunia, ndo kiweze kuvuta gesi ya hidrojeni na heliamu iliyojaa kwenye diski la vumbi na gesi linaloizunguka nyota changa. Barafu inapatikana mbali tu, karibu na nyota joto limeshaigeuza mvuke, na vumbi la mawe lililoko huko peke yake halitoshi. Kwa hiyo maelezo ya shuleni kwako hayakuwa ya kubuni, yana fizikia ndani yake. Tatizo likaja pale maelezo ya zinazaliwa wapi yalipogeuzwa kuwa maelezo ya zinaishi wapi, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa ukiamini unatafuta Mshtarii wa kawaida unajipanga vipi? Mshtarii wetu unalizunguka Jua kwa karibu miaka 12 na unaliyumbisha kwa mita 12.5 kwa sekunde tu. Kwa hiyo unachagua nyota zako, unazipima mara chache kwa mwaka, unarundika data, na unajua majibu ni baada ya muongo mzima. Hamna haraka. Nchini Marekani Geoffrey Marcy na Paul Butler walikuwa wanafanya hivyo kwenye kituo cha Lick, California, tangu 1987, na vifaa vyao havikuwa vibovu hata kidogo, ila uchambuzi wao ulikuwa unakula muda mwingi sana wa kompyuta na vipimo vingi vilikuwa vimekaa bila kuchambuliwa, kwa sababu nani angekuwa na haraka na kitu cha miaka 12? Tangazo la Florence lilipotoka wakaenda kwenye darubini, ndani ya siku chache wakathibitisha 51 Pegasi, alafu wakarudi kwenye data zao wenyewe, na Januari 1996 wakatangaza sayari mbili, za nyota 70 Virginis na 47 Ursae Majoris. Baada ya hapo zikafuata zile za karibu, ya Tau Boötis ina siku 3.3 na ya Upsilon Andromedae siku 4.6.

Upande wa ELODIE, kilichowasaidia, na watu hawakisemi sana, ni kwamba programu ya Queloz ilikuwa inatoa spidi ya nyota papo hapo, usiku uleule wa kupima. Ukiona namba ya ajabu unairudia kesho. Ukiirudia kesho na keshokutwa ndo unaweza kukamata mzunguko wa siku nne, ukiipima mara tatu kwa mwaka unaona vurugu tu.

Kuna na upande wa bahati, na hapa nawatetea Wakanada. Gordon Walker na Bruce Campbell walianza mapema kuliko hawa wote, kwa miaka kama 12 walifuatilia nyota 21 kutoka Hawaii kwa usahihi uliokaribiana na wa ELODIE, na 1995 hiyohiyo wakachapisha matokeo: hakuna Mshtarii hata mmoja. Leo tunajua sayari kubwa za karibu ziko kwenye nyota kama moja kati ya mia, au hata chini ya hapo. Piga hesabu: ukiwa na nyota 21 na uwezekano wa asilimia moja kwa kila moja, uwezekano wa kukosa kabisa ni kama asilimia 81. Hawakukosea popote. Orodha ilikuwa fupi tu. Ukiwa na nyota 142 unategemea kupata kama moja, na ndo hiyo moja Mayor na Queloz waliyoipata.

Hapo ndo napenda kila anayesoma habari za sayari atulie kidogo. Sayari hizi, ambazo wenyewe tunaziita Mshtarii moto, zilijaa kwenye orodha za miaka ya mwanzo mpaka watu wakaanza kuuliza kama mfumo wetu ndo wa ajabu. Zilijaa kwa sababu zinapiga kelele, sio kwa sababu ziko nyingi. Chukua Mshtarii huohuo uusogeze mpaka kwenye umbali wa 51 Pegasi b, yaani ile sayari ya 51 Pegasi, ungeliyumbisha Jua kwa zaidi ya mita 120 kwa sekunde badala ya 12.5, na ungemaliza mzunguko ndani ya wiki badala ya miaka 12. Kwa njia ya kupita mbele ya nyota tofauti ni kubwa zaidi: sayari iliyo karibu hivyo ina nafasi kama moja kati ya kumi ya kuwa imekaa kwenye mstari wetu wa kuangalia, ila Mshtarii wa kweli kwa kuangaliwa kutoka nje una nafasi moja kati ya elfu na zaidi, na hata ukiwa na bahati hiyo inabidi uwe unaangalia siku ileile moja ndani ya miaka 12. Kwa hiyo mtu akikuambia asilimia fulani ya sayari zilizogunduliwa ni za aina hii, muulize kwanza zilitafutwaje.

Sasa la tatu, walijuaje sio kitu kingine. Wasiwasi wako walikuwa nao wakubwa wengi. Mwaka 1997 David Gray wa Kanada alichapisha makala akisema mistari ya spektra ya 51 Pegasi haisogei tu bali inabadilika umbo, na kama ni hivyo basi hakuna sayari, ni nyota inapumua yenyewe. Hoja ilikuwa nzito, maana sayari ikiivuta nyota mistari yote inahama mizimamizima bila kuharibika umbo, wakati madoa au mapigo ya nyota yanaupinda mstari upande mmoja. Kipimo hicho cha umbo la mstari mpaka leo ndo cha kwanza tunachokimbilia. Gray aliendelea kupima kwa data bora zaidi, na 1998 akaandika mwenyewe kwamba mabadiliko hayapo. Na kuhusu madoa, madoa yanazunguka na nyota, na 51 Pegasi ni nyota iliyotulia inayojizungusha taratibu kwa wiki kadhaa, mwanga wake nao haukuonyesha kupungua na kuongezeka kwa siku nne, kwa hiyo madoa yakatoka kwenye orodha.

Nyota ndogo je? Hapo ndo neno angalau linarudi. Njia ya Doppler inakuonyesha mwendo wa kuja na kuondoka tu, haikuambii obiti imelala kwa pembe gani. Kama obiti tunaiangalia kwa juu, karibu mwendo wote ni wa pembeni na hauonekani, na kile unachodhani ni sayari kinaweza kuwa na masi kubwa mno. Hili sio la kinadharia. Mwaka 1989 David Latham na wenzake waliripoti kitu kinachoizunguka nyota HD 114762 kwa siku 84 kikiwa na masi angalau 11 za Mshtarii, miaka na miaka watu wakawa wanasema labda hiyo ndo ilikuwa sayari ya kwanza, mpaka data za satelaiti ya Gaia zilipoonyesha obiti tunaiangalia karibu kwa juu kabisa na kitu chenyewe ni nyota ndogo nyekundu. Latham na wenzake walikuwa waangalifu na wala hawakusema kwa uhakika ni sayari, nawaheshimu kwa hilo.

Kilichomaliza ubishi ni mwaka 1999, nyota HD 209458. Kwa Doppler ilishajulikana ina kitu kinachozunguka kwa siku 3.5, na Septemba mwaka huo David Charbonneau, akiwa mwanafunzi, pamoja na Tim Brown wakaielekezea kidarubini cha sentimita 10 tu huko Colorado, timu ya Gregory Henry nayo ikaishika kivyake mwezi Novemba. Mwanga wa nyota ulishuka kwa kama asilimia 1.5, ukakaa chini, ukapanda, kwa muda wa kama saa tatu, na ukashuka tena siku na saa ileile Doppler iliyosema. Ukipata zote mbili umemaliza kazi: kupungua kwa mwanga kunakupa upana, na kwa kuwa inapita mbele ya nyota pembe ya obiti unaijua, kwa hiyo masi ni masi kamili bila angalau. Ikatoka masi 0.69 ya Mshtarii kwenye upana wa zaidi ya mara 1.3 ya Mshtarii, densiti ndogo kuliko ya maji. Hiyo haiwezi kuwa nyota wala jiwe, ni mpira wa gesi uliovimba kwa joto. Kwa nini zimevimba kiasi hicho mpaka leo wataalamu wanabishana, joto la nyota peke yake halitoshi kueleza.

Naomba uone kwamba kupungua kwa mwanga peke yake nako hakutoshi. Nyota ndogo kabisa nyekundu zina upana unaokaribiana na wa Mshtarii, kwa hiyo zikipita mbele ya nyota kubwa zinakata mwanga kwa kiasi kilekile. Alafu kuna mtego wa nyota mbili zinazokatana mwanga nyuma kabisa, ambazo mwanga wake umechanganyika na wa nyota ya mbele mpaka kinachotakiwa kuwa nusu ya mwanga kinaonekana asilimia moja. Watu wa WASP, mradi wa kutafuta sayari zinazopita mbele ya nyota, ambao walitumia lenzi za kamera za milimita 200 zilizofungwa pamoja La Palma na Sutherland Afrika Kusini na wakapata zaidi ya sayari 100, kazi yao kubwa haikuwa kupata vishimo kwenye mwanga, vishimo vilikuwa vingi mno, kazi ilikuwa kutupa vya uongo. Unaangalia umbo, sayari inaacha kishimo chenye chini tambarare wakati nyota mbili zinazogusana pembeni zinaacha chenye ncha. Unalinganisha kishimo cha kwanza na cha pili, vikipishana kwa kina, ujue ni nyota mbili zinazopokezana. Unaangalia kwa rangi tofauti. Na mwisho wa yote unarudi kwenye Doppler kupima masi. Hakuna njia ya mkato.

Turudi kidogo kwenye swali lililobaki hewani, kama hazikuzaliwa pale zilifikaje? Kuna njia mbili ambazo ushahidi wake upo. Ya kwanza ni ya taratibu: sayari ikiwa bado ndani ya diski la gesi inavutana nalo mpaka inapoteza nguvu ya mwendo na kusogea ndani, na kwa kuwa diski linaisha ndani ya miaka milioni chache, safari inatakiwa ikamilike kabla ya hapo. Ya pili ni ya fujo: sayari kubwa nyingine au nyota jirani inaivuruga, obiti inarefuka mpaka inapita karibu kabisa na nyota, na kila ikipita pale inakandwakandwa na mvutano mpaka obiti inafupika na kuwa duara. Ya pili tunaiona ikiwa katikati ya safari. Sayari HD 80606 b ina mzunguko wa siku 111 ila obiti yake imerefuka vibaya sana, inakwenda mbali karibu kama Dunia ilivyo na Jua alafu inachomoka mpaka karibu na nyota yake, chini ya moja ya kumi ya umbali wa Utaridi na Jua, na darubini ya anga ya Spitzer ilipoiangalia ikipita ilipanda joto kutoka kama nyuzi 500 za selsiasi hadi kama 1,200 ndani ya saa sita. Pia kuna zinazozunguka kinyume na nyota yao inavyojizungusha, kama WASP-17b, na hiyo diski tulivu isingeweza kuifanya kirahisi. Mimi naegemea kwamba njia zote mbili zinafanya kazi na ya fujo ina sehemu kubwa, kwa sababu nyingi ya sayari hizi ziko peke yake, hazina majirani wa karibu, kama vile zilifukuza kila kitu zikiingia. Ila nyota ya WASP-47 inanizuia kusema kwa sauti kubwa, maana ile ina Mshtarii moto mwenye sayari ndogo ndani yake na nyingine nje, zimekaa kwa amani, hiyo haikupita kwenye fujo yoyote.

Na sio kwamba zimefika na kutulia milele. WASP-12b inayozunguka kwa siku 1.09 imepimwa kwa miaka mingi na mzunguko wake unapungua kwa kama milisekunde 29 kila mwaka, kwa mwendo huo itaangukia nyota yake ndani ya miaka milioni chache. Sayari nyingine, KELT-9b, upande wake wa mchana unapita nyuzi 4,000, moto kuliko uso wa nyota nyingi, na 2018 mvuke wa chuma na titani ulionekana kwenye hewa yake. Hewa hizi zinasomeka kwa sababu zilezile, sayari ni kubwa, imevimba, inapita mara kwa mara, na darubini ya James Webb mwaka 2022 ilipoanza kazi moja ya vitu vya kwanza ilivyoonyesha wazi ni kaboni dayoksaidi kwenye WASP-39b.

La mwisho, kama wewe unaweza kuishuhudia. Ndiyo, na nakuhimiza ujaribu. Usianze na 51 Pegasi, ile haipiti mbele ya nyota yake kwa upande wetu. Anza na HD 189733, nyota ya mng'ao wa 7.7 hivi (kwenye kipimo hiki namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi), haionekani kwa macho ila darubini ndogo inaikamata, na sayari yake inapita kila baada ya siku 2.2 ikipunguza mwanga kwa zaidi ya asilimia mbili kwa muda wa kama saa moja na dakika 50. Utahitaji darubini inayofuata nyota yenyewe kwa mota na kamera, sio jicho, jicho halioni asilimia mbili. Itoe fokasi kidogo ili mwanga usambae kwenye pikseli nyingi, na hakikisha hakuna pikseli iliyojaa mpaka mwisho. Anza kupiga picha walau nusu saa kabla ya muda wa kupita na uendelee nusu saa baada, maana bila kujua mwanga wa kawaida huwezi kujua umeshuka. Na usipime nyota peke yake, kila picha igawanye na nyota mbili tatu jirani zenye mwanga unaokaribiana nayo, wingu jembamba likipita litazipunguza zote sawa na hesabu yako haitaharibika. Ukipata grafu, hata ikiwa na vurugu, nitumie tuiangalie pamoja.